Gari Inavuja: Tone Linatoka Wapi?



Jambo hili tumeliona mara mingi. Gari inalala mbele ya nyumba, asubuhi shofere anaisogeza, pale chini panabaki doa. Watu wanasema, "Iko inavuja kidogo tu," wanaongeza mafuta na safari inaendelea. Sisi pia tulisema hivyo, mpaka siku tulipokuta kamiyo moja imekufa motere katika mlima kati ya Baraka na Fizi. Abiria walilala njiani, na kati yao mama mgonjwa aliyekuwa anapelekwa kwa matibabu. Shofere alikuwa na bido ya mafuta. Lakini hakuna mtu aliyeuliza: tone linatoka wapi? Basi tukaenda kumwuliza fundi, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kujua ni kitu gani kinavuja. Tandika kartoni kavu chini ya gari usiku mzima. Doa jeusi lenye kuteleza ni mafuta ya motere. Mafuta mazito yenye harufu kali ni ya vitesi. Maji yenye kutu, ao ya rangi ya kijani, ni ya radiatere. Kitu chepesi cha manjano karibu na gurudumu kinaweza kuwa mafuta ya freni: hiyo gari isitembee hata kidogo, sababu mteremko wa kutoka Fizi hauna huruma. Kama ni harufu ya esansi, weka mbali taa, kibiriti na sigara.

Pili, kusafisha. Motere yenye matope na mafuta ya zamani haisemi kweli. Ingoje ipoe, isugue kwa brosi na maji ya sabuni, iache ikauke kabisa.

Tatu, kupaka unga. Paka poda ya watoto, ao unga mkavu wa muhogo, mahali unapotilia mashaka, mbali na mikanda na bomba la moshi. Washa motere kwa dakika 10, kisha uizime. Pale unga umelowa kwanza, ndipo penye kidonda.

Nne, kutazama juu. Hapa wengi wanakosea. Mafuta yanashuka, na upepo wa njia unayasukuma nyuma. Doa chini ya vitesi linaweza kuwa limetoka kwenye kifuniko cha juu cha motere. Tafuta mahali palipolowa juu kuliko pote na mbele kuliko pote. Mara nyingine ni bulo tu zimelegea juu ya mashimo ya barabara yetu. Zikaze kwa kiasi. Ukizidisha, kifuniko kinapinda na kinavuja zaidi. Angalia pia tiyo ya kupumulia ya motere: ikizibika, hewa ya ndani inasukuma mafuta nje hata pale palipo pazima.

Lakini kuna maji yanayopotea bila doa. Sisi wa Ubwari tunakaa kando ya ziwa, karibu meta 770 juu ya bahari, na hapa maji yanachemka kwa digri 97 hivi. Kizibo cha radiatere kinabana maji yasichemke mbio. Mpira wake ukichakaa, maji yanakuwa mvuke katika kupanda mlima, na chini hauoni kitu. Lakini usifungue kizibo kile kama motere ni moto, kitakuunguza uso! Tena, moshi mweupe usiokoma, ao mafuta yaliyogeuka kama maziwa, ni alama kwamba maji yanaingia ndani ya motere. Simamisha gari. Na maji ya Tanganyika yana madini mingi, yanaacha ukoko ndani ya radiatere; maji ya mvua ni bora.

Sasa hesabu kidogo. Tone moja la maji kila sekunde 10 ni matone 8.640 kwa siku. Matone 20 ni kama mililita 1. Kwa hiyo siku moja inapoteza mililita 432, karibu nusu lita! Nani atasema tena "kidogo tu"?

Wandugu, kuongeza mafuta si kutengeneza. Ukiona doa, usilifunike kwa mchanga. Lala chini, tazama juu, uliza linatoka wapi.