Gita ya pedali: tuanzie wapi?



Vijana wa kwaya wanapenda kuuliza: "Pasta, ile gita inayolia kama mutu anayeimba, sauti inapanda na kushuka bila kukatika, ni gita ya namna gani? Sisi wenyewe hatuwezi kuitengeneza?" Ni ile gita ya stili yenye pedali. Haishikwi kifuani, inalazwa juu ya miguu kama meza. Mupigaji anateleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, na miguu yake inakanyaga pedali chini.

Kuitengeneza kunawezekana. Lakini wengi wanaanzia mwisho: wanataka nyuzi kumi na pedali tatu siku ya kwanza, kisha kazi inawashinda na mbao zinabaki nyuma ya nyumba. Ndugu kijana, wewe anza kidogo.

1. Ilitoka wapi?

Mwanzo wake ni visiwa vya Hawaii, karibu mwisho wa miaka ya 1880. Wanasimulia kwamba kijana Joseph Kekuku alikuwa anatembea kando ya njia ya reli, akaokota buloni, akaiteleza juu ya nyuzi za gita yake. Unaona? Chombo hiki kilizaliwa na chuma cha kuokota.

Miaka ya 1930, huko Philadelphia katika Marekani, Troman Eason alijifunza gita ya stili kwa mwalimu mutu wa Hawaii. Yeye na ndugu yake mudogo Willie waliiingiza katika ibada za kanisa lao, House of God. Mu makanisa yale gita hiyo ilichukua nafasi ya ogani. Miaka ya 1970 Chuck Campbell alikuwa mumoja wa wale walioleta pedali mu kanisa lile, na mwaka 2004 serikali ya Marekani ilimupa heshima kubwa ya wasanii wa mapokeo. Basi mutu asikuambie kwamba chombo hiki ni cha bare tu.

2. Nyuzi sita kwanza, bila pedali

Tafuta ubao mugumu, uliokauka vizuri: urefu cm 90, upana cm 10, unene cm 4. Ubao mubichi utapinda, na nyuzi hazitakaa sawa. Upande wa kichwa funga mashini za kukazia nyuzi, zilizotoka ku gita iliyovunjika. Funga korniere mbili ndogo za chuma, moja ku kichwa, moja ku mukia, na katikati yao uache cm 60 kamili. Piga lima mupaka ukali wote uishe, juu ukali unakata nyuzi. Nyuzi zikae juu ya ubao kwa cm 1 hivi.

Sasa pima kutoka korniere ya kichwa, utie alama tatu: cm 15, cm 20 na cm 30.

Kaza nyuzi hivi, kutoka nene mupaka nyembamba: re, la, re, fa diyezi, la, re. Nyuzi za gita ya kawaida zinatosha, kwa sababu hapa hakuna uzi unaopanda kupita desturi yake. Ukizipiga wazi, unasikia akori ya re. Ukiweka chuma juu ya alama ya cm 15, ni sol. Ku cm 20 ni la. Ku cm 30 ni re tena, ya juu. Nyimbo nyingi tunazoimba Siku ya Mungu zinaweza kupigwa na hizo akori tatu tu.

Chuma cha kutelezesha, uliza ku garaje aksi ya pistoni iliyotupwa. Ni laini na nzito. Oshe mafuta yote. Usiikandamize mupaka nyuzi ziguse ubao. Ipumzike tu juu ya nyuzi, sawa kabisa na alama. Vidole vinavyobaki nyuma vilale juu ya nyuzi, ili kelele isitoke.

Ubao peke yake unalia pole sana. Unaomba mikro na amplifikateri. Kama hauna umeme, chukua gita ya kawaida, uilaze juu ya magoti, utie kachuma kadogo chini ya nyuzi ku kichwa ili zipande. Utajifunza vilevile.

3. Pedali ya kwanza

Piga miezi mitatu hivi. Kisha tia ubao miguu mine imara na uanze pedali moja tu.

Nyuma ya korniere ya mukia toboa tundu. Pitisha humo kipande cha chuma kilichosimama, kinachozunguka juu ya buloni katikati yake. Uzi wa tatu, ule wa fa diyezi, unafungwa ku sehemu ya juu. Sehemu ya chini inavutwa na kable ya freni ya kinga, kuelekea kichwa cha gita. Ukikanyaga, chini inaenda mbele, juu inarudi nyuma, na uzi unakazika. Ukiacha, uzi wenyewe unakirudisha.

Tia visi mbili za kusimamisha chuma: moja pale kinapopumzika, moja pale kinapofika. Kwanza kaza fa diyezi na mashini yake, bila kukanyaga. Halafu kanyaga, na uzungushe visi ya pili mupaka usikie sol kamili. Uzi usiporudi mahali pake, unakwama ku korniere: pakaa unga wa kalamu ya risasi. Nyuzi zingine zikishuka wakati unakanyaga, ni ubao unaopinda. Utie nguvu chini yake.

Pedali ya pili itapandisha uzi wa pili, kutoka la kwenda si. Ukikanyaga zote mbili na kupiga nyuzi ine nyembamba, akori ya re inageuka sol, na mukono haukutembea. Siri ya kile kilio ni hiyo.

4. Shaba ya nani?

Hapa nisikufiche neno. Mikro inaomba waya ya shaba nyembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Kijana mumoja wa kwaya yetu alikuja na bobini nzima, anacheka kwa furaha. Nikamuuliza: "Mwanangu, imetoka wapi?" Akanyamaza. Ilitoka ku kazi yake.

Wengine walisema: "Pasta, ni kidogo tu, na ni kwa Mungu." Lakini amri ya nane haina kipimo cha kilo. Aliirudisha yeye mwenyewe. Mukubwa wake alimukata mushahara wa siku tatu, na Pasaka ile tuliimba bila gita yake. Nyumbani walilalamika, na mimi niliumia pamoja nao. Baadaye kwaya ililima shamba la mutu, ikanunua mikro ya gita ya zamani. Leo anapiga, na anaweza kumutazama kila mutu machoni.

Neno lingine: usifungue amplifikateri ya zamani. Hata ukiisha kutosha fishi, umeme unaweza kubaki ndani na kuua.

Wazazi, musiseme ni muchezo. Kutoka 31 inatuonyesha Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho kwa ajili ya kazi ya mikono. Mutoto anayepima cm 60 bila kudanganya ubao, anajifunza pia kutodanganya watu.

Zungumzeni nyumbani: Mu nyumba yetu kuna kitu gani tunachotumia kwa Mungu, lakini hatuwezi kusema kimetoka wapi?