Hedifoni za mtoto: zijaribu sikioni kabla hujauliza bei

Mzazi mwenye kijana wa sekondari atakuwa ameshalisikia ombi hili: "Mama, naomba hela ya hedifoni." Za zamani zimekufa upande mmoja, za kuazima zimerudishwa kwa mwenyewe. Unatoa elfu tano, anakwenda kwa machinga wa stendi, anarudi na kipaketi cha nailoni chenye waya uliokunjwa. Wiki tatu baadaye ombi linarudi vilevile.

Ni rahisi kuliona ombi hilo kama anasa. Lakini fikiria nyumba zetu za kupanga. Kijana wa kidato cha nne ana somo la fizikia kwenye simu, mwalimu anaeleza vizuri kabisa, lakini sebuleni runinga iko kwenye tamthilia, mdogo wake analia na chumba cha pili wamefungulia singeli. Kwa kijana huyo hedifoni ndiyo chumba cha kusomea. Kumnyima hakumsaidii. La kuamua ni anunuliwe zipi, maana kifaa hiki kitakaa ndani ya tundu la sikio kwa saa nyingi kila wiki, na sikio halina spea.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye kijisehemu kilichojiviringa kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti uwe ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Sauti kubwa ya muda mrefu huzichosha, na ikiendelea huziua. Kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Ubaya wake ni kwamba haziumi wakati zinakufa, hivyo mtoto hawezi kukwambia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80. Kwa watoto kiwango kinashuka hadi desibeli 75 kwa saa hizohizo. Hapa hesabu inataka uangalifu, kwa sababu kila desibeli zikiongezeka 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu na muda salama unakatwa nusu. Mtu mzima anayesikiliza kwa desibeli 90 ana saa nne tu kwa wiki nzima. Mtoto, kwa hesabu hiyohiyo, ana saa moja na robo. Wapo wanaoimaliza kwa safari mbili za daladala.

Kwa nini daladala? Kwa sababu pale ndipo tofauti ya hedifoni nzuri na mbaya inapoonekana. Injini inanguruma, konda anaita abiria, redio ya dereva iko juu. Kama hedifoni haikuziba tundu la sikio, kelele zote hizo zinaingia, na mtoto anapandisha sauti mpaka izishinde. Akishuka hairudishi chini, sikio limeshazoea.

Kuziba kwanza, mengine baadaye

Hedifoni ndogo za masikioni ziko za aina mbili. Ya kwanza ni zile za plastiki ngumu zinazoning'inia mlangoni mwa sikio, zinazofanana na zilizokuwa zikija na simu bure. Ya pili ni zenye vimpira laini vya silikoni vinavyoingia ndani kidogo na kuziba. Kwa mtoto anayesafiri au kusoma penye kelele, mimi nachagua za vimpira bila kusita. Zikimkaa sawasawa, kelele za nje zinapungua zenyewe na somo linasikika sauti ikiwa nusu au chini ya hapo.

Neno lenyewe ni "zikimkaa". Paketi nzuri huja na jozi tatu za vimpira: vidogo, vya kati na vikubwa. Vya kati huwa vimeshavishwa tayari kiwandani, na watu wengi hawavibadilishi maisha yao yote. Masikio ya watoto ni madogo, na mara nyingi sikio la kulia na la kushoto la mtu huyohuyo hayalingani. Hakuna ubaya wa kuvaa kimpira kidogo upande mmoja na cha kati upande mwingine. Paketi yenye jozi moja tu ya vimpira irudishe mezani, hata kama bei inavutia.

Nenda na mtoto dukani. Wauzaji wengi wana jozi moja iliyofunguliwa ya kujaribia. Beba pamba na spiriti uzifute kwanza, kwa sababu hujui zimetoka sikio la nani. Mtoto azivae bila muziki wowote, kisha aseme sentensi moja kwa sauti ya kawaida. Akiisikia sauti yake nzito, kama anaongea akiwa ndani ya mtungi, zimeziba. Akijisikia kama kawaida, hazijaziba.

Halafu washeni sauti ikiwa nusu, azisukume ndani taratibu kwa kidole. Kama besi inaongezeka ghafla anaposukuma na kupotea anapoachia, kimpira hakikumfaa. Jaribu kingine. Mwisho atikise kichwa na atafune kidogo. Zikianguka hapo dukani, zitaanguka pia pale Kariakoo katikati ya watu.

Jambo lingine kuhusu jaribio la dukani: muuzaji atakuwekea wimbo wenye besi ya kutikisa kifua, kwa sababu besi ndiyo inayouza. Wewe omba maneno. Fungua taarifa ya habari, mawaidha, mahubiri au somo lilelile la fizikia. Hedifoni zilizojazwa besi kupita kiasi humeza sauti ya mtu anayeongea. Mtoto haelewi mwalimu anasema nini, anapandisha sauti, na tumerudi kwenye desibeli. Sikilizeni kama herufi "s" na "f" zinasikika safi bila kuchoma. Hicho ni kipimo kizuri kuliko maandishi yote yaliyo kwenye boksi.

Maandishi ya kwenye boksi

Maandishi hayo nayo yana mambo yake. Karibu kila boksi limeandikwa 20 Hz hadi 20,000 Hz, liwe la bei ya mkate au la bei ya mbuzi. Hicho ndicho kiasi ambacho sikio changa la binadamu linaweza kusikia. Hakikwambii hedifoni zinatoa sauti nzuri kiasi gani. Ukubwa wa spika ya ndani, kwa mfano milimita 10, nao haukwambii lolote peke yake.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye herufi tatu. Boksi la hedifoni za Bluetooth likiandikwa ENC, wazazi wengi husoma kwamba zinakata kelele. Zinakata kelele kweli, lakini za kwenye maikrofoni: anayenufaika ni mtu uliyempigia simu, anayekusikia bila mvumo wa barabara. Sikio la mwanao halipati kitu. Herufi za kutafuta kama unataka kelele zipungue kwa msikilizaji ni ANC, na hizo kwenye bei ya chini ama hazipo, ama zipo kwa jina tu. Kimpira kilichoziba vizuri kitafanya kazi kubwa kuliko ANC ya bei poa.

Saa za betri pia zisome kwa makini. Boksi linalojisifu kwa saa 30 kwa kawaida limejumlisha chaji zilizomo kwenye kikasha. Hedifoni zenyewe, zikiwa sikioni, hudumu sehemu ndogo tu ya saa hizo kabla ya kurudi kwenye kikasha.

Waya au Bluetooth?

Kijana atataka Bluetooth, maana ndizo wenzake wanavaa. Mzazi mwenye bajeti ndogo ajue hivi: kwa bei ileile, hela ya hedifoni za waya yote imeingia kwenye spika na waya. Hela ya Bluetooth imegawanywa kwa betri tatu, redio mbili ndogo na kikasha, ndipo spika inapewa kilichobaki. Kwa shilingi 10,000 au 15,000 sioni sababu ya kununua Bluetooth ya mtoto. Ukifika 30,000 na kuendelea, maongezi yanabadilika kidogo.

Kidogo, kwa sababu ya kupotea na kufa. Upande mmoja wa Bluetooth ukidondoka kwenye mtaro, umebaki na nusu ya kifaa. Betri zake ndogo huchoka kwa matumizi ya kila siku, na fundi wa mtaani hawezi kuzibadilisha. Za waya zikikatika, sehemu inayokatika inajulikana: shingo ya pini inayoingia kwenye simu, au pale waya mmoja unapogawanyika kuwa mbili. Fundi anakata, anaunga pini mpya, siku zinaendelea. Ukinunua, angalia kama shingo ya pini ina mpira mrefu unaopinda, na kama inapatikana chukua pini iliyokunjwa kama herufi L, kwani haivunjiki kirahisi simu ikiwa mfukoni. Mfundishe mtoto asiuzungushe waya kwa kuikaza kwenye simu. Hapo ndipo hedifoni nyingi zinapofia.

Kabla ya kulipa, angalia tundu la simu yake. Simu nyingi za bei nafuu za Tecno, itel na Infinix bado zina tundu la duara la milimita 3.5. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na simu nyingine nyingi zikafuata. Kama simu ina tundu la USB-C peke yake, utahitaji hedifoni za USB-C au kiunganishi kifupi. Hapa watu wanapoteza hela: viunganishi vinafanana kwa nje lakini ndani havifanani. Vingine vina kifaa kidogo cha kugeuza sauti, vingine vina nyaya tupu zinazotegemea simu ifanye kazi hiyo, na si kila simu inaifanya. Kijaribu kwa simu ya mtoto mwenyewe, hapohapo dukani. Simu ya muuzaji haikuhusu.

Kuhusu majina makubwa: JBL, Sony au AirPods za Apple zikiuzwa kwa bei ya sahani chache za chipsi, ni feki. Hazihitaji uchunguzi. Afadhali hedifoni halali za kampuni ya bei ya kati kama oraimo, zilizonunuliwa kwenye duka linalotoa risiti na dhamana ya maandishi, kuliko jina kubwa la uongo. Feki huwa hazina usawa, sikio moja linapiga zaidi ya jingine, na mtoto anapandisha sauti ili lile dogo lisikike. Lile kubwa ndilo linaloumia.

Watoto wa chini ya umri wa shule tusiwawekee kitu ndani ya tundu la sikio kabisa. Kimpira kinachomoka, kinaingia mdomoni au kinabaki sikioni. Kama ni lazima, kwa mfano safari ndefu ya basi kwenda mkoani, tafuta zile kubwa za kufunika sikio zenye kikomo cha sauti. Nyingi zimeandikwa 85 dB. Kumbuka hesabu ya WHO: kwa mtoto, desibeli 85 ni kama saa nne kwa wiki, kwa hiyo kikomo hicho si ruhusa ya kuvaa toka Ubungo hadi Mwanza.

Simu nayo isaidie. iPhone ina sehemu ya usalama wa hedifoni ndani ya mipangilio ya sauti, ambako unaweka kiwango kisichozidishwa. Samsung nyingi zina kikomo cha sauti kwenye mipangilio ya sauti pia. Kwa simu nyingine, wekeni alama ya makubaliano: sauti isizidi kidogo zaidi ya nusu, na kila saa moja ya kusikiliza masikio yapumzike dakika kadhaa. Njiani, akivuka barabara au akiwa juu ya bodaboda, zikae mfukoni. Hapo hakuna mjadala, maana honi haisikiki kupitia vimpira vilivyoziba vizuri.

Hedifoni ni kama mswaki, haziazimwi. Kwenye joto la pwani jasho na nta hukusanyika kwenye vimpira. Vivue mara moja kwa wiki, vioshe kwa maji na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kile kichujio kidogo cha mdomoni kisafishe kwa mswaki mkavu, maana kikiziba kwa nta sauti inapungua na mtoto atadhani hedifoni zimekufa.

Dalili za kuangalia ni hizi: anauliza "eeh?" mara kwa mara, anaongeza sauti ya runinga kuliko zamani, analalamika kwamba masikio yanalia kama filimbi usiku, au yanatoa maji na kuwasha. Usimwekee mafuta ya moto wala kijiti cha pamba. Zahanati wanaweza kuangalia kama ni nta au maambukizi, na wakiona haja watakupa rufaa ya kwenda kliniki ya masikio, pua na koo. Kliniki hizo zipo Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, na usikivu unapimwa hukohuko. Nenda na hedifoni zake pia, daktari akiuliza anasikiliza kwa sauti gani, mtoto aoneshe.