Dara Singh: Kutoka Ulingoni Hadi Kwenye Filamu

Dara Singh, mwanamieleka na mwigizaji wa India, alizaliwa tarehe 19 Novemba 1928 katika kijiji cha Dharmuchak, Punjab, kwenye familia ya wakulima wa Kisikhi. Mieleka ya huko huchezwa kwenye uwanja wa udongo, na kijana anayeandaliwa kwa mchezo huo hulishwa maziwa, lozi na samli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikwenda Singapore, akafanya kazi kiwandani huku akifundishwa mieleka ya kulipwa na Harnam Singh.

Mshindani wake aliyevuta watu wengi zaidi alikuwa King Kong, mzaliwa wa Hungaria ambaye jina lake halisi lilikuwa Emile Czaja. Ni kweli kwamba katika mieleka ya kulipwa matokeo mengi hupangwa kabla. Lakini hakuna mpango unaoweza kumnyanyua mtu mzito kama Czaja. Hapo nguvu lazima ziwepo, na Dara alikuwa nazo. Mwaka 1959, mjini Calcutta, alimshinda George Gordienko wa Kanada na kutwaa ubingwa wa Jumuiya ya Madola. Mwaka 1968 akambwaga Lou Thesz wa Marekani mjini Bombay, akatangazwa bingwa wa dunia.

Sinema ilimfuata kwa sababu ya mwili wake. Aliigiza kwanza kama mhusika mkuu mwaka 1962, katika filamu yenye jina sawa na la hasimu wake, King Kong. Mwaka uliofuata ikaja Faulad, akiwa na mwigizaji Mumtaz, ambaye wakati huo alikuwa hajawa nyota. Wawili hao walicheza pamoja filamu nyingi za mapigano zilizotengenezwa kwa gharama ndogo. Wahakiki walizidharau, bila haki: ndizo zilizomfungulia Mumtaz njia ya umaarufu, na watazamaji wa kawaida walizijaza kumbi.

Aliaga ulingo mwaka 1983. Heshima yake kubwa kuliko zote ilikuwa bado mbele. Mwaka 1987 televisheni ya taifa ya India ilianza kurusha tamthilia ya Ramayan kila Jumapili asubuhi, naye, akikaribia miaka 60, akaigiza Hanuman, mungu-nyani mwenye nguvu na utiifu usioyumba. Kwa mamilioni ya Wahindu, sura ya Hanuman ikawa sura ya Dara Singh.

Kuanzia 2003 hadi 2009 alikuwa mbunge wa kuteuliwa katika Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India. Alifariki Mumbai tarehe 12 Julai 2012, akiwa na miaka 83.