Rubisi na Moshi

 Wekeni kitabu mbele yenu, mfuate kwa kidole ninaposoma.

Leo tutazungumza habari za pombe. Sikuja kuwafundisha kutengeneza rubisi; mnaijua kuliko mimi. Ndizi mbivu hukanyagwa pamoja na majani mpaka maji matamu yatoke, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na mtumbwi hufunikwa. Asubuhi povu linachemka bila moto. Je, nani amelichemsha? Ni hamira, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hivyo hula sukari ya ndizi na kutoa kileo na hewa. Kileo kikizidi, hamira yenyewe hufa. Kwa hiyo rubisi haipiti kiasi fulani cha ukali.

Moshi ni habari nyingine. Huku mnaiita enkonyagi, wengine gongo. Mpishi huchemsha rubisi katika pipa. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100; basi mvuke wenye kileo kingi hutangulia, hupita katika mrija uliopozwa kwa maji, ukawa matone makali. Sheria ya mwaka 1966 inakataza kazi hii bila leseni.

Lakini mimi sikuja kwa ajili ya polisi, nimekuja kwa ajili ya macho yenu. Kuna kileo cha pili, methanoli, nacho ni sumu. Kwa macho hakitofautiani na kile cha kwanza. Katika ndizi hutoka kidogo tu; hatari kubwa ni muuzaji anayetia spiriti ya kiwandani ili kuongeza ukali. Watu husema ukimwaga kikombe cha kwanza sumu imekwisha. Sivyo. Methanoli huendelea kutoka pamoja na kileo kile kingine. Wala kibiriti hakikwambii kitu, maana vyote viwili huwaka.

Aliyekunywa sumu hiyo huweza kulala mzima, akaamka kesho yake anaona ukungu, anatapika, anahema. Msimwache alale eti pombe imtoke. Mpelekeni hospitali mara moja, na chupa mwende nayo.

Maneno mapya: hamira, mvuke, mrija, sumu. Yaandikeni mara tatu. Na kabla ya somo lijalo, kila mmoja asome maandishi ya pipa au dumu la nyumbani kwake, aje atuambie lilikuwa na nini kabla ya kununuliwa.