Zimamoto wa Sharqiyah na Dakhiliyah: ukipiga 9999 nani anakuja?

Sie tuliokulia Unguja tukisikia zimamoto twafikiria moto tu. Kwa jamaa zetu wa Ibra, Sur na Nizwa sivyo. Huko zimamoto, uokozi na ambulensi ni chombo kimoja, Difaa Madani na Isaaf, kilichofanywa mamlaka mwaka 2013. Kazi hupangwa kwa mikoa, na Sharqiyah iligawanywa 2011: Kaskazini makao yake Ibra, Kusini ni Sur. Dakhiliyah ni Nizwa.

Lakini adui mkubwa huko si moto, ni wadi! Mvua inanyesha milimani, nyie chini jua kali, mara maji hayo yameshafika. Aprili 2024, wilaya ya Al Mudhaibi, wanafunzi walichukuliwa na maji wakiwa garini. Kuvuka wadi iliyojaa ni kosa la kisheria, na bado watu wanajaribu bahati yao.

Wazee wetu ambao Kiarabu chao ni cha kuombea maji wafundishwe angalau kutaja kijiji na jina la wadi kwenye simu.