Ukurasa Unaomfungia Nje Msafiri Asiyeona

Msafiri asiyeona anapotaka kuingia mtandaoni hotelini au kwenye uwanja wa ndege, kinachomkwamisha mara nyingi si kifaa alichobeba. Simu nyingi za Android zina TalkBack, iPhone zina VoiceOver tangu 2009, na kompyuta ya Windows huwekewa NVDA bila malipo. Zote husoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Kikwazo ni ule ukurasa unaojitokeza kabla Wi-Fi haijafunguka, ukidai namba ya chumba na kukubali masharti. Kitufe kisichopewa jina husomwa “kitufe”, basi. Na picha ya herufi zilizopindapinda, iliyowekwa kuthibitisha kuwa mtumiaji ni binadamu, haisomeki kabisa.

Wapo watakaosema anunue bando. Nyumbani, sawa, hata kuigawia kompyuta intaneti ya simu ni njia nzuri ya kuukwepa ukurasa huo. Ng’ambo, hata hivyo, kutumia laini ya nyumbani huuma mfukoni, na Wi-Fi ya hoteli mara nyingi imo ndani ya bei ya chumba aliyokwisha kulipa. Mhudumu wa mapokezi atamsaidia? Atamsaidia, ndiyo, kwa kushika simu yenye siri zake za benki. Mwenye hoteli akisingizia gharama, hoja hiyo nayo ni nyepesi: kukipa kitufe jina ni kazi ya mstari mmoja wa programu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Kenya na Tanzania, unaitaja intaneti waziwazi katika ibara ya 9. Mwenye hoteli, washa TalkBack, fumba macho, kisha ujaribu kuingia kwenye Wi-Fi yako mwenyewe.