Usiniulize Kama Una Wito wa Ualimu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotangazwa na Baraza la Mitihani, na vijana wakaanza kuhesabu alama zao na kuitazama milango iliyo wazi mbele yao, hunijia swali moja ambalo waulizaji wake hubadilika mwaka hata mwaka ila maneno yake hayajapata kubadilika: nitajuaje kama nina wito wa ualimu? Huulizwa na kijana mwenyewe, huulizwa na mama yake kwa niaba yake, huulizwa hata na mtu mzima aliyekwisha kuajiriwa kwingine na kuchoshwa na ajira yake. Mimi kazi yangu ni kuwafunza walimu, na kwa kuwa nimelijibu swali hili kwa upole mara nyingi bila ya kuiona faida ya upole huo, leo nitalijibu kwa ukali: swali hilo halifai, jawabu halina, na kila aamuaye maisha yake kwa kulifuata atapotea, awe ameuingia ualimu au ameukwepa.

Itikadi iliyo nyuma yake ni hii: kwamba ualimu ni jambo ambalo mtu huzaliwa nalo moyoni, kwamba aliye nalo atafundisha vyema hata akitiwa darasani bila ya maandalizi, na asiye nalo hatafundisha hata akisomeshwa miaka kumi, na kwamba dalili zake ni kupenda watoto, kuwa na subira, kusema vizuri mbele za watu na kutojali mshahara. Hayo huhubiriwa katika mahafali, hukaririwa na wageni rasmi, na wazee wenye nia njema huwausia vijana hayo hayo. Ni maneno matamu, na kwa utamu wake watu hawayachunguzi. Hebu tuyachunguze.

Tuanze na hilo la kupenda watoto. Mwalimu wa hesabu amewapa wanafunzi kazi ya kujumlisha nusu na theluthi, na mtoto mmoja, kwa furaha ya kuwahi kumaliza, ameandika kuwa jawabu ni mbili ya tano. Mpenda watoto atamsifu kwa juhudi yake, atamwekea alama ya kosa kwa huruma, kisha atamkumbusha kanuni ya kutafuta asili moja. Na kesho yake mtoto atalirudia kosa lile lile, kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Mwalimu aliyefunzwa akafunzika hutambua papo hapo kwamba mtoto huyu hakukosa kwa uzembe, bali kwa utaratibu kamili: amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kwa sababu haioni nusu kuwa ni namba moja, anaona namba mbili zilizopandishana. Basi hamkumbushi kanuni. Humwuliza tu ipi ni kubwa, nusu au mbili ya tano, akamwacha agundue mwenyewe kuwa ameiongezea nusu kitu na nusu ikapungua. Kulijua swali hilo, na kulitoa wakati ule kwa mtoto yule, ni jambo ambalo mapenzi hayawezi kulibuni. Wala si maarifa ya hesabu peke yake, maana mhasibu ana hesabu nyingi kuliko mwalimu wa shule ya msingi na yamkini asilijue. Ni maarifa ya namna yake, ambayo Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliyapambanua mwaka 1986 akayatenga na maarifa ya somo kwa upande mmoja na kanuni za jumla za ufundishaji kwa upande wa pili: kulijua somo kwa jinsi linavyofundishika, pamoja na mahali ambapo akili changa aghalabu hujikwaa ndani yake.

Au tuchukue jambo dogo zaidi, la kunyamaza. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi huko Marekani, alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mwingine, kulirudia au kulijibu wenyewe, akaona kuwa ni takriban sekunde moja. Walipofunzwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, waliojitolea kujibu waliongezeka, na waliokuwa wakinyamaza kabisa wakaanza kusema. Sasa niambieni, ni nani aliyezaliwa na sekunde hizo tatu? Silika ya binadamu ni kuujaza ukimya, na mwenye moyo mwingi huujaza haraka kuliko wengine, kwa kumwonea haya mtoto aliyesimama bila ya jawabu. Hapa moyo mwema haukosi kusaidia tu. Unadhuru, na hauachi kudhuru mpaka ufundishwe.

Kwa nini basi itikadi hii haifi? Sababu kubwa aliieleza Dan Lortie katika kitabu chake cha mwaka 1975 kiitwacho Schoolteacher: kila aingiaye ualimu amekwisha kuitazama kazi hiyo ikifanywa kwa maelfu ya saa, naye akiwa mtoto dawatini, na kwa kuitazama huko hudhani ameijua. Kumbe aliuona mdomo wa mwalimu na mkono wake wenye chaki; hakuyaona maandalio ya somo, hakuuona uamuzi wa kuliacha swali hili na kulishika lile, wala hakujua kwa nini Asha aliulizwa kabla ya Juma. Hali yake ni ya abiria aliyepanda jahazi baina ya Unguja na Mombasa tangu utotoni, ambaye ameizoea bahari hata hatapiki tena, akasimama siku moja akataka akabidhiwe usukani kwa hoja ya kuwa anaipenda safari. Hakuna atakayempa, kwa sababu chombo kikipanda mwamba wote waliomo watauona siku ile ile. Lakini mwamba wa darasani hauonekani siku ile, huonekana miaka saba baadaye, mtoto anapomaliza shule bila ya kusoma kwa ufahamu, na hapo hakuna akumbukaye nani alishika usukani.

Na nchi yetu imekwisha kuijaribu hamasa bila ya ustadi, tena mara mbili. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoagiza kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989, walimu hawakuwapo, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakawa wanafundisha vijijini huku wenyewe wakisomeshwa kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa msaada wa waratibu. Katika miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipochipuka kila mahali, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakatumwa madarasani, na watu wakawabandika jina la vodafasta. Siwataji kwa kuwadharau, kwani wengi wao walijiendeleza wakawa walimu hodari, na bila wao watoto wengi wasingepata hata wa kuwaandikia herufi ubaoni. Ninawataja kwa kuwa ari walikuwa nayo, hasa wale wa kwanza, walioingia kazini katika zama ambazo ari ilikuwa ndiyo hewa ya nchi. Walichokosa ni mafunzo, na waliofaulu walifaulu kwa kuyapata, si kwa kuzidi kupenda.

Wapo watakaonijibu kwa kumtaja Julius Nyerere, wakisema huyo ndiye mwalimu wa kuzaliwa. Huyo ni shahidi wangu, si wao. Aliingia Makerere mwaka 1943 akasomea ualimu, akahitimu stashahada mwaka 1945, ndipo akaenda kufundisha St. Mary's, Tabora; aliporejea kutoka masomoni Edinburgh alifundisha Pugu, na mwaka 1955 akaiacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa. Hakutegemea silika katika kuingia, wala sisi hatumhesabu kuwa alisaliti kitu katika kutoka.

Madhara ya itikadi hii hayaishii kwa anayechagua kazi. Mwajiri akishakubaliwa kwamba ualimu ni wito, huona sifa kuwa ni malipo, na mwalimu adaiye nyumba, posho ya uhamisho au kupandishwa daraja kwa wakati wake huulizwa uko wapi moyo wake wa kujitolea. Wahenga wetu hawakuwa na fikira hiyo duni. Mwalimu wa chuo cha Kurani katika miji ya pwani, ambaye ikhlasi yake hakuna aliyeitilia shaka na ambaye thawabu zake alizitarajia kwa Mola, alipewa ada yake mtoto alipotiwa chuoni na akapewa tena alipohitimu msahafu, na mzazi mwenye adabu hakumwambia kuwa, maadamu anafundisha kwa ajili ya Mungu, arudi kwake mikono mitupu. Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966 kwa ushirikiano wa UNESCO na Shirika la Kazi Duniani, linauhesabu ualimu kuwa ni taaluma yenye maarifa na ustadi maalumu, unaopatikana na kudumishwa kwa kusoma kwa bidii bila ya kukoma. Na ndiyo tarehe tunayoiadhimisha kila mwaka kuwa Siku ya Walimu Duniani. Yeyote atakayepanda jukwaani siku hiyo kuhubiri wito na alisome kwanza pendekezo lenyewe.

Tena kuna dhuluma nyingine isiyosemwa. Vijana wapole, wasiopenda jukwaa, wasioona moto wowote kifuani wanapotaja ualimu, ila hupata raha ya kweli wanapomwona mwenzao amelielewa jambo lililomtatiza, hujiondoa wenyewe kwa kudhani hawakuitwa. Katika hao nimeona walimu bora kabisa. Na katika waliokuja wakisema wameitwa, nimeona wengi wasiovumilia kuambiwa kwamba somo lao halikueleweka, kwa kuwa mtu aliyeitwa huona kusahihishwa ni kutukanwa.

Sasa maswali yafaayo, nami nitayapitia upesi, kwa sababu hayahitaji falsafa, yanahitaji kutendwa. Kwanza, ijue kazi kwa macho ya mtu mzima: omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, ukae nyuma ya darasa juma zima, tangu paredi ya asubuhi hadi kengele ya mwisho. Pili, wafundishe watoto wachache wa mtaani mada moja, kisha warudie baada ya siku saba uwapime imebaki nini. Ikiwa kinachokukosesha usingizi ni kwa nini hawakuelewa, ingia, na ikiwa ni kwamba hawakukutii wala kukusifu, tafuta kazi nyingine. Tatu, piga hesabu ya kusahihisha: uwiano uliowekwa kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini ukipangiwa darasa la 90 na ukaipa kila daftari dakika mbili tu, ni saa tatu kwa zoezi moja. Nne, piga hesabu ya fedha: tazama ngazi ya mshahara utakayoanzia serikalini, TGTS B kwa cheti, C kwa stashahada, D kwa shahada, uondoe asilimia 5 ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, na kama ulisoma kwa mkopo uondoe asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo mpaka deni liishe, uondoe na kodi, ndipo uulize kama kilichobaki kinaweza kulea familia mahali utakapopangiwa, si mahali unapopapenda.

Tano, usiingie kwa kudhani ajira iko mlangoni. Zama za mhitimu kupangiwa kituo moja kwa moja zimepita; sasa nafasi hutangazwa, maombi hupitia mtandaoni, usaili hufanywa, na waombaji huzizidi nafasi mara nyingi. Sita, kwa sababu hiyo hiyo chagua masomo kwa akili: upungufu wa walimu wa hisabati na fizikia ni wa miaka mingi, ilhali waliosomea masomo ya sanaa wamejaa. Saba, usilenge cheti, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaelekea kuifanya stashahada kuwa kiwango cha chini. Nane, shule binafsi ikikuita, soma mkataba kabla ya kushika chaki, uone kama mchango wako wa pensheni wa NSSF unapelekwa na kama mshahara wa likizo umo. Na wewe uliyekwisha kuingia na kuona kazi haikukufaa, huna dhambi: ipo Taasisi ya Elimu, upo uthibiti ubora wa shule, ipo kazi ya uchapishaji wa vitabu, na upo mlango wa kutoka kabisa, ambao ni heri kuupita kuliko kubaki miaka thelathini ukiwaadhibu watoto kwa uamuzi wako.

Je, ualimu ni kazi yenye thamani ya kuichagua? Ndiyo, nami nalisema hilo bila ya kusita, kwa mtu ambaye akili yake inavutwa na jinsi akili nyingine inavyoelewa, aliye tayari kujifunza ustadi huo kwa miaka na kusahihishwa kila siku ndani yake, na ambaye ameitazama hesabu ya mshahara akaikubali, au ameikataa akaazimia kuipigania pamoja na wenzake chamani. Kwa asiye hivyo, hapana, hata kama analia machozi kila asikiapo watoto wakiimba. Nenda basi kakae nyuma ya darasa hilo, kisha uniandikie ulichokiona. Barua ya namna hiyo nitaijibu kwa furaha, na kwa urefu wowote utakaotaka.